Mjusi Kafiri Kazoea, Kumbikumbi Je?

Mvua ya kwanza ikishanyesha hapa Mhunze, wilayani Kishapu, Shinyanga, mbuga ikanywa maji na vumbi la kiangazi likalala, subiri jioni. Giza likiingia tu, kumbikumbi huanza kutoka. Mara ya mwisho niliwakuta mbele ya duka moja karibu na stendi, chini ya balbu nyeupe iliyofungwa ukutani. Mwanzoni walikuwa watatu, wanne. Baada ya dakika kumi balbu yenyewe ilikuwa haionekani vizuri kwa mabawa. Mwenye duka, mama wa makamo, alitoa beseni, akalitia maji hadi nusu na kuliweka chini ya taa. Watoto watatu wakachuchumaa kando yake. Ukutani mijusi kafiri wanne walikuwa wameizunguka balbu, kila mmoja na eneo lake, na chura mmoja mnene alikaa ukingoni mwa baraza bila haraka, akilamba kila kilichoanguka mbele yake.

"Mayu," nikamwita kwa Kisukuma, kama unavyomwita mama, "hawa mijusi wanaijua taa."

"Wanaijua, mwalimu. Nikiwasha tu, wanatoka nyuma ya lile bango. Wanaijua kuliko mimi."

"Na kumbikumbi?"

Akacheka. "Hao nao wangekuwa wanaijua, wajukuu zangu wangekula nini?"

Jibu hilo lina uzito kuliko linavyosikika. Kila ninapozungumzia taa na viumbe wa usiku, hakosekani mtu wa kunituliza: wanyama watazoea, mbona sisi tumezoea. Na ushahidi anao, kwa sababu kila taa anayoiona ina mjusi ameshiba. Asichokiona ni kwamba ukutani pale pamekusanyika makundi mawili. Moja linaijua taa kwa sababu lingine haliijui.

Kuzoea ni kazi ya kurudiarudia. Mjusi wa dukani hukutana na taa karibu kila usiku, mwaka hadi mwaka. Leo akikosea hatua, kesho atajaribu tena. Kumbikumbi huruka mara moja tu maishani. Amekulia kichuguuni gizani, mvua imemwita, ametoka, na safari yake yote ya angani ni fupi kuliko kikao cha kahawa. Katika muda huo anatakiwa aruke, atue, aangushe mabawa, apate mwenzi, achimbe shimo. Akiikuta taa njiani, hilo ndilo somo lake la kwanza na la mwisho, na hana kesho ya kulitumia. Ndiyo maana nikiulizwa kama mnyama fulani ataizoea taa, sihangaiki sana na akili yake. Nahesabu atakutana nayo mara ngapi akiwa hai.

Kwa kipimo hicho mjusi kafiri ana kila sababu ya kushinda. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Taa ilipoletwa, mjusi hakungoja hata siku ya tatu, alishika jembe mwenyewe usiku uleule. Alikuwa tayari ni mwindaji wa usiku, miguu yake inashika ukuta uliopigwa lipu kama inavyoshika gome la mti, na taa ikamletea chakula mlangoni. Yule tunayemwona sana majumbani, Hemidactylus mabouia kwa jina la kitaalamu, amefuata nyumba za watu hadi ng'ambo ya Atlantiki, na leo yuko kwenye kuta za Brazili na Florida. Chura yuko njia hiyohiyo, na baadhi ya popo pia. Popo wenye mbio hukatiza juu ya taa za barabarani wakichota nondo. Wale wa mwendo wa polepole, waliozoea kuwinda ndani ya vichaka, hukwepa mwanga na kupoteza sehemu ya malisho yao. Hata ndani ya ukoo mmoja, taa humpa huyu na kumnyang'anya yule.

Tuje kwa anayenaswa. Zamani tulifundishwa kwamba mdudu huifuata taa akidhani ni mwezi, au kwamba hufuata joto lake. Januari 2024 Samuel Fabian wa Imperial College London na wenzake walichapisha maelezo mengine, baada ya kuwapiga wadudu picha za kamera za kasi kubwa. Mdudu arukaye hujua juu ni wapi kwa kuuelekeza mgongo wake kwenye mwanga. Kwa mamilioni ya miaka hesabu hiyo haikumwangusha, maana usiku, hata usiku wa kiza, mbingu ina mwanga kuliko ardhi. Weka balbu ubavuni mwake, naye atainamisha mgongo upande wa balbu, kona ianze, na kona hiyo haiishi. Akipita juu ya balbu hugeuka tumbo juu na kuporomoka. Kumbe wale kumbikumbi wa dukani hawakuipenda taa wala kuifuata. Usukani wao ulikuwa umeshikwa na mkono mwingine.

Taa huweza kuvuruga kalenda pia, na hapo ndipo Mhunze inapotofautiana na Ulaya, ambako sehemu kubwa ya tafiti hizi hufanyika. London siku ya Desemba ina mwanga wa saa zisizofika nane, na ya Juni ina zaidi ya saa 16. Ndege wa kule hujua majira kwa urefu wa mchana, na taa ya mtaani inaweza kumdanganya kwamba majira ya kuchipua yamefika. Sisi tuko nyuzi tatu na nusu hivi kusini mwa ikweta. Tofauti kati ya mchana wetu mrefu na mfupi kwa mwaka mzima ni kama dakika 25, sawa na muda wa kuchemsha chai na kuinywa. Si kwamba miili ya wanyama wetu haisomi mwanga. Mfugaji yeyote wa kuku wa mayai anajua kwamba saa 12 za ikweta hazitoshi, ndiyo maana huwasha taa bandani hadi zifike 14 au 16. Lakini kwa viumbe wa porini urefu wa mchana hapa ni kalenda hafifu. Wana mvua, na wana mwezi.

Mwezi ni kalenda makini sana. Mwaka 1955 R. Hartland-Rowe aliandika katika jarida la Nature kuhusu mdudu wa Ziwa Victoria aitwaye Povilla adusta, ambaye funza wake hutoboa miti iliyozama majini. Anapokomaa hutoka ziwani kwa kundi kubwa, na kutoka huko hufikia kilele siku ya pili baada ya mwezi mpevu. Mdudu huyo akishapata mabawa haishi hata hadi asubuhi. Asipotoka usiku mmoja na wenzake, hana wa kuoana naye. Wale wadudu wadogo kama mbu, wasiouma, wanaosimama juu ya ziwa kama moshi, nao wana mpangilio wao. Jamii ya Chaoborus hutoka kwa wingi karibu na mwezi mwandamo.

Wavuvi hawakuhitaji jarida kulijua hilo. Nkome, mkoani Geita, na mialo mingine ya ziwa, kazi ya dagaa ina msimu wa giza na msimu wa mbalamwezi. Giza likiwepo, mitumbwi huingia ziwani na taa, zamani karabai na siku hizi taa za sola, wadudu na vijidudu vya majini hukusanyika, dagaa wakawafuata, nyavu zikawafuata dagaa. Mwezi ukijaa taa haina nguvu, kwa kuwa ziwa zima limeshawaka, na watu hupumzika na kushona nyavu. Watega wadudu nao walikutana na jambo hilo nchi kavu. Mitego ya taa iliyotumika Afrika Mashariki kufuatilia nondo wa viwavijeshi na wa funza wa pamba hukamata wachache mwezi unapokuwa mpevu. Mwaka 1973 J. Bowden na B. M. Church walichapisha hesabu za jinsi mbalamwezi inavyopunguza idadi mtegoni. Nguvu ya taa, basi, ni tofauti kati yake na giza linaloizunguka.

Tofauti hiyo ni kubwa kuliko macho yetu yanavyotuambia. Mbalamwezi ya mwezi mpevu utosini ni kama luksi 0.3, na mara nyingi haifiki hapo. Chini ya taa ya barabarani utapima luksi 10, pengine 20. Kwa macho ya mtu, vyote viwili ni "mwanga wa usiku". Kwa mdudu anayehesabu mwezi, cha pili ni mwezi mara thelathini au sitini, usiopungua, usiochelewa kuchomoza, usiokwenda likizo.

Ukanda wetu sasa una miezi mingi ya namna hiyo. Kishapu ndiko kuliko na Mwadui, mgodi wa almasi ulioanzia kwa John Williamson mwaka 1940. Magharibi kuna Bulyanhulu, na mbele yake mgodi mkubwa wa Geita ulioanza uzalishaji mwaka 2000. Mgodi wenye shifti ya usiku hauwezi kuwa gizani, na hakuna mwenye akili atakayetaka dereva wa lori la mawe apapase njia. Rashi ya dhahabu ikitokea porini, ndani ya wiki panakuwa na jenereta, tochi za kichwani, muziki na balbu juu ya kila duara, yaani shimo la wachimbaji. Na tangu Wakala wa Nishati Vijijini, REA, ulipoanza kazi mwaka 2007, nguzo zimeingia vijiji ambavyo vilikuwa na kibatari tu. Simwombei mtu yeyote arudi kwenye kibatari. Mama anayejifungua zahanati saa nane za usiku ana haki ya taa kuliko kumbikumbi wote wa wilaya hii. Nataka tu tujue taa inafanya nini, kwa sababu ikishafungwa huwa hatuitazami tena.

Tazama yaliyotokea Ngulia, ndani ya Hifadhi ya Tsavo Magharibi nchini Kenya. Hoteli ya pale ilifunga taa kali za nje ili wageni waone wanyama wanaokuja kunywa maji usiku. Kuanzia 1969 wataalamu wakabaini kwamba usiku wa Novemba na Desemba, ukungu ukishuka na mwezi usipokuwepo, ndege wahamiaji kutoka Ulaya na Asia hushuka kuzifuata taa zile kwa maelfu. Tangu hapo wamekuwa wakiwakamata kwa nyavu, kuwavisha pete miguuni na kuwaachia, mamia ya maelfu yao, na sayansi imejifunza mengi kuhusu njia za safari zao. Lakini rudi kwenye kipimo chetu. Taa zimewaka pale kwa zaidi ya nusu karne, na bado kila mwaka ndege huanguka. Ndege mdogo anayepita mara moja kwa msimu, na anayeweza kufa kabla ya msimu ujao, hana nafasi ya kufaulu mtihani huo. Usiku wenye mbalamwezi hupita juu kwa juu, kana kwamba Ngulia haipo.

Kuna mnyama mwingine ambaye Msukuma, mtu wa ng'ombe, anamjua tangu utotoni: dundu anayeviringisha mavi. Anakata donge lake, analigeuza mpira, kisha anaondoka nalo kwa mstari ulionyooka, kwa kuwa akizungukazunguka atarudi kwenye lundo na wenzake watamnyang'anya. Mwaka 2013 Marie Dacke wa Chuo Kikuu cha Lund na wenzake walionyesha, huko Afrika Kusini, kwamba dundu wa usiku hunyoosha njia yake kwa kutazama ule ukanda mweupe wa nyota unaokatiza anga. Waliwavisha vikofia vya karatasi wasione juu, nao wakapotea njia. Mwaka 2021 kundi hilohilo la watafiti likawapeleka madundu Johannesburg. Mng'ao wa jiji ulipofunika nyota, njia zao zilipinda. Walipoziona taa zenyewe walinyooka vizuri kabisa, ila wote walielekea kwenye taa.

Hilo la mwisho ndilo linalonipa mawazo. Kwa mtazamaji wa haraka, dundu yule amejirekebisha: amekosa nyota, kaokota taa, anatembea bila kuyumba. Lakini mstari ulionyooka ulikuwa na maana kwa sababu kila dundu alichagua upande wake na kumkwepa mwizi. Wakielekea wote kwenye taa moja, watakutana huko na vita ileile waliyoikimbia. Amepata mwelekeo, amekosa sababu ya kuwa nao. Nyota zenyewe zinaondoka mbele ya macho yetu: hesabu iliyochapishwa katika Science mwaka 2023, iliyotokana na watu wa kawaida waliohesabu nyota tangu 2011, hasa Ulaya na Marekani, ilikadiria mng'ao wa anga la usiku kuongezeka kwa karibu asilimia 10 kila mwaka. Mhunze bado ina nyota zake. Zima taa ya uani uhakikishe.

Je, wanaokutana na taa mara moja hawana tumaini? Wanalo, lakini njia yake hupita makaburini. Nchini Uswisi Florian Altermatt na Dieter Ebert walichukua viwavi wa nondo mdogo mweupe kutoka mjini Basel na maeneo ya jirani yenye mwanga, na wengine kutoka sehemu zenye giza. Wakawalea mahali pamoja, kisha wakawajaribu kwenye taa. Waliotoka kwenye mwanga waliifuata taa kwa karibu theluthi pungufu kuliko wa gizani. Hakuna nondo aliyefundishwa kitu. Kwa vizazi vingi wale wenye tabia ya kwenda kwenye taa walikuwa wamekufa bila kutaga, na waliobaki wakawa mababu. Mwaka 2024 ikachapishwa habari ya pili: nondo wa mjini wana mabawa madogo kidogo. Inaelekea wameacha kwenda mbali. Nondo asiyekwenda mbali hachavushi ua la mbali wala halishi popo wa mbali. Kuikwepa taa amekuweza, na amelipa kwa safari zake.

Nondo yule huzaa kizazi kila mwaka. Kichuguu huchukua miaka kadhaa kabla ya kutoa kumbikumbi wake wa kwanza, na balbu za Mhunze zina umri mdogo kuliko vichuguu vingi vinavyozizunguka. Mwendo wa uteuzi wa asili haulingani na mwendo wa fundi umeme.

Wapo pia wanyama ambao kuwahi kwao kujirekebisha ndiko kunakotuletea kazi. Karibu na Hifadhi ya Nairobi, kijana wa Kimasai Richard Turere aliunda akiwa mtoto taa zinazomweka-mweka kuzunguka boma, na mwaka 2013 dunia ilimsikia akizieleza jukwaani. Simba aliona mwanga unaohama, akadhani mtu yuko macho. Utafiti uliochapishwa 2018 kuhusu taa hizo ulikuta uvamizi wa usiku umepungua kwenye maboma yenye taa, na simba wakaelekeza nguvu mchana, mifugo ikiwa malishoni. Simba hukutana na boma mara nyingi, anaishi miaka mingi, ana muda wa kupiga hesabu. Mfugaji wetu anayepambana na fisi zizini achukue somo hilo: taa ni ulinzi wa saa fulani, na mnyama mwenye kumbukumbu atakutafuta saa nyingine.

Mbu hali kadhalika. Maabara za Chuo Kikuu cha Notre Dame nchini Marekani zilionyesha mwaka 2017 kwamba dakika kumi za mwanga mweupe usiku hupunguza hamu ya kuuma ya Anopheles gambiae, msambazaji wa malaria, kwa saa kadhaa. Usikimbilie kuuza chandarua. Mwaka 2020 maabara hizohizo zilimjaribu Aedes aegypti, mbu wa dengi, ambaye kwa kawaida huuma mchana, na mwanga wa usiku ukamwongezea kuuma. Ukimsukuma mmoja kwa taa, unamfungulia mwenzake mlango.

Sasa tufanye nini, sisi tulioingoja taa kwa muda mrefu? Yanayowezekana si ghali. Soma boksi la balbu dukani: utaona 6500K au 3000K. Ya kwanza ni ile nyeupe inayoelekea bluu, na wadudu wengi huiona vizuri zaidi. Ya pili ni ya njano, na kwa nje ya nyumba inatosha. Taa ya barabarani ivishwe kofia, mwanga ushuke chini kwenye miguu ya watu badala ya kumwagika pembeni na juu. Kama ni TARURA, halmashauri au mgodi unaonunua, masharti hayo yaandikwe kwenye zabuni, kwa sababu nguzo ikishasimama hakuna atakayepanda kuibadilisha. Na baada ya soko kufungwa, taa isiyo na wa kummulikia izimwe, hasa usiku ule wa mvua za kwanza.

Wasukuma wana neno kwa wazo hili, ingawa walilitunga kwa ajili ya nyasi. Ngitili ni malisho yanayofungwa masika ili yawepo kiangazi, na dagashida, baraza la kijadi, ilikuwa na adhabu kwa aliyeingiza ng'ombe kabla ya wakati. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulipoanza mwaka 1986, ngitili zilizokuwa zimebaki hazikuzidi hekta 600 hivi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikuwa zimevuka hekta 300,000. Hakuna aliyeambiwa auze ng'ombe wote. Waliambiwa pale pafungwe, kwa muda ule. Giza nalo linahitaji ngitili: ukingo wa lambo, kichaka nyuma ya shule, ngitili zenyewe zilizorudi kwa jasho la watu. Kuzielekezea taa kali usiku ni kuingiza ng'ombe ambao hatuwaoni.

Nirudi dukani. Saa nne mayu alihesabu fedha, akafunga dirisha, akazima balbu. Beseni lilikuwa limejaa na watoto walikwishalibeba ndani. Nikawasha tochi ya simu, nikaifunika kwa kidole ibaki nyekundu. Mijusi walikuwa wamerudi nyuma ya bango. Barazani palitapakaa mabawa, mepesi, yakihama kwa pumzi tu, na katikati yake kumbikumbi waliosalimika walikuwa wakitembea, jike mbele, dume nyuma yake akimgusa mgongo, wawili wawili, wakishuka ukingo wa baraza kuelekea kwenye udongo uliolowa.